Uzi maalumu: dansi la miaka ya 80 (Sikinde, Msondo, Ndekule, Maquis, Pambamoto). Kwa nini halichuji?

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam, wazee shikamooni.

Nyuzi za muziki wa zamani humu huwa zinaishia palepale: "zamani raha, siku hizi kelele". Huo si mjadala, ni uzee. Mimi nina swali jingine. Dansi la Dar es Salaam la miaka ya 80 liliwezaje kuwa tamu vile wakati nchi yenyewe ilikuwa hoi? Tusidanganyane. Sabuni ilikuwa ya foleni. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mwaka 1983 watu walikuwa wanaamka usiku kwenda kutupa bidhaa zao wenyewe wasije wakaitwa wahujumu uchumi. Lakini Jumamosi ikifika, ukumbi wa DDC Kariakoo hapaingiliki.

Jibu langu ni kavu kidogo: mshahara.

Angalia bendi zilikuwa za nani. Juwata Jazz, ndiyo Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, ndiyo Pambamoto, ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz jina linajieleza. Iringa kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi, nacho kikawa na Tancut Almasi. Mlimani Park yenyewe ilizaliwa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na shirika liliposhindwa, 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Hapo ndipo tukaanza kusema DDC Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae.

Maana yake ni nini? Gitaa, ampli, saksafoni, tumba, vyote mali ya mwajiri. Mpiga gitaa hakuwa na gitaa, alikuwa na kazi. Asubuhi anakwenda mazoezini kama jirani yake anavyokwenda kiwandani. Wimbo unapikwa wiki nyingi mazoezini, unaonjeshwa ukumbini, watu wakiukubali ndipo unapelekwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Barabara ya Pugu, kurekodiwa. Kule studio bendi nzima inapiga kwa pamoja. Hakuna cha gitaa leo na sauti wiki ijayo. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza zile rekodi unaona watu wanaojuana mpaka pumzi.

Halafu redio ilikuwa moja. Mpaka redio za binafsi zilipoanza 1994, wimbo ukipigwa RTD, nchi nzima imeusikia saa ileile, kuanzia bwaloni Monduli mpaka kwenye kibanda cha kahawa Lindi. Kesho yake kila mtu ana la kusema juu ya yule mke aliyeimbwa.

Na umbo la wimbo wenyewe. Chukua Sikinde yoyote ya miaka ile. Magitaa yanafungua taratibu, mwimbaji anaweka kesi yake mezani: ndoa, wakwe, rafiki aliyegeuka. Waitikiaji wanapokea. Tarumbeta na saksafoni zinaingia kujibu, si kupamba, ZINAJIBU. Halafu katikati ngoma inachemka. Ridhimu linashika kipande kifupi kimoja halikiachii, besi inashuka chini, na sekondi solo anaingia na nyuzi mbili tatu za juu ambazo peke yake hazina maana yoyote. Ukimtoa yule sekondi solo, wimbo unavunjika. Watu wengi wanamsifia mpiga solo. Mimi namsikiliza yule wa pembeni.

Karibuni. Tajeni bendi, lakini mtupe na sababu.

#2

Sikinde. Modi funga uzi.

#3

Ufungwe na nani? Msondo ndiyo baba ya muziki. Wengi wa hao waliokwenda kuanzisha Mlimani Park wamelelewa na nani kama si NUTA na Juwata? Muhidin Maalim Gurumo alitoka wapi? Na gitaa la Said Mabera je? Leteni heshima kwanza.

#4

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu. Endeleeni.

#5

Mleta uzi umenena, ila umeruka 1985, na 1985 ndiyo ilikuwa filamu yenyewe.

Kwa vijana: Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliamua kuunda bendi mpya. Hakuhangaika kutafuta chipukizi. Alikwenda moja kwa moja Sikinde akawang'oa sita kwa mpigo, miongoni mwao waimbaji Gurumo na Hassan Bitchuka, na mpiga solo Abel Balthazar. Ikazaliwa International Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Mji ulizizima. Ilikuwa ni habari kubwa kuliko Simba na Yanga kubadilishana mchezaji, kwa sababu mchezaji ni mmoja, hawa walikuwa ni sauti ya bendi nzima.

Tulidhani Sikinde imekufa. Haikufa. Michael Enoch alibaki, yule tuliyemwita King, ambaye ni mtu wa Dar es Salaam Jazz tangu enzi za gitaa kavu na baadaye akahamia kwenye saksafoni. Aliunda kikosi upya. Kwa miaka kadhaa Dar ikawa na bendi mbili zenye damu moja zinazorushiana vijembe, na sisi mashabiki tukawa tunagawana hata meza za baa.

Na hapo nadharia yako ya mshahara inapata mkwaruzo, mkuu. Kisima alikuwa mtu binafsi. Hakuwa shirika. Aliwang'oa watu wa shirika kwa pesa.

#6 – Mleta uzi

Hoja nzito hiyo, sikimbii. Lakini angalia alichofanya Kisima: alichukua watu waliokwisha kupikwa. Miaka saba ya kupikwa ililipwa na shirika la teksi na DDC. Yeye alilipia sahani.

#7

Mimi nimekulia Ubungo, kwa hiyo kwangu dansi ni Maquis, na Maquis ni ukumbi wa White House. Ogelea piga mbizi!

Wale jamaa walitoka pande za Katanga wakaingia Dar mwanzoni mwa miaka ya 70, na hawakurudi. Wengi wanasahau kwamba Lubumbashi watu wanaongea Kiswahili, ndiyo maana hawakupata tabu kutunga. Kiswahili chao kilikuwa na ladha yake, kinapanda na kushuka pasipotarajiwa, na sisi watoto tuliiga lafudhi ile shuleni mpaka tukachapwa. Nguza Viking kwenye solo, Tshimanga Assosa kwenye sauti, mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa ambao baadaye waliipaisha Tancut kule Iringa. Halafu akaja Dekula Kahanga, Vumbi, ambaye sasa yupo Stockholm na bado anapiga gitaa lilelile.

Sisi watoto hatukuwa na kiingilio. Tulikaa nje ukutani. Nje kulikuwa na faida moja: sauti za waimbaji zilibaki ndani, kilichopenya ukutani ni besi na tumba. Mpaka leo nyimbo za Maquis nazijua kwa besi kabla ya maneno. Nipigie besi ya Karubandika peke yake nitakwambia ni ubeti upi.

#8

Waungwana wa Dar, twawaheshimu, lakini huku Mombasa na Nairobi pia kulikuwa na watu. Na watu wenyewe walikuwa wenu.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walikuwa vijana wa Tanga, walipiga Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakaja Mombasa mwaka 1971, mwisho wakatua Nairobi na Simba Wanyika yao. Mwaka 1978 wakatoka humo akina Omar Shabani, Profesa, na mpiga besi Tommy Malanga, ikawa Les Wanyika na John Ngereza. Sina Makosa ilitoka mwishoni mwa miaka ya 70, lakini miaka ya 80 yote ilikuwa yake. Hakuna harusi ya Kisauni iliyoisha bila ule wimbo, na mimi bado sijaelewa kwa nini wimbo wa wanaume wawili kumgombea mwanamke asiye wa yeyote kati yao wapigwa harusini.

Lililo muhimu ni hili: huku kulikuwa na viwanda vya kuchapa santuri. Kwenu havikuwapo. Na mpaka ulifungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi 1983. Hivyo bendi ya Dar yenye nyimbo za kutisha ilibaki na tepu za redio tu, na bendi ya Nairobi yenye wimbo mmoja mzuri yatoa santuri yauzwa mpaka Kampala. Orchestra Makassy ilibidi waje Nairobi ndipo wakarekodi ile albamu yao ya Agwaya, iliyotolewa Uingereza 1982. Msifuni mshahara wa shirika, sawa, lakini shirika halikuwapa santuri.

Halafu nani kasema muziki wa miaka ya 80 ni dansi peke yake? Them Mushrooms walikuwa wakipiga kwenye mahoteli ya ufuoni hapa, Jambo Bwana ikazunguka dunia. Mombasa Roots wakachukua chakacha ya kina mama wakaitia disko. Nyie mwaita kelele, sisi tulicheza.

#9

Shikamooni wazee. Mimi wa kike, nimezaliwa 1990, nyimbo hizi nimelishwa na mama kila Jumapili akifua. Nazipenda kweli. Lakini naomba niseme kitu na msinirukie.

Mwanamke wa kwenye nyimbo zenu yuko wa aina tatu. Mama mzazi, huyo anaombewa pepo. Mke, huyo anashtakiwa. Na msichana wa mjini, huyo anapenda pesa. Anaimbwa, haimbi. Nitajieni wanawake wangapi walishika kipaza sauti kwenye hizo bendi za mashirika. Mtasema Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyeimba na Hemed Maneti. Haya, mwingine? Mtaanza kukuna vichwa.

Mama yangu mwenyewe akitaka kusikia mwanamke anajibu, alikuwa habadilishi bendi, alikuwa anabadilisha muziki kabisa. Anaweka taarabu. Shakila wa Tanga anaimba yake, na hakuna mwanamume anayemkatiza na saksafoni.

#10

Dada umetupiga. Waitikiaji tumenyamaza.

#11 – Mleta uzi

Dada, sikurukii, umesema kweli, na orodha yako ya aina tatu ni kali kuliko vitabu. Niongeze tu kwamba nyimbo nyingi zile zilikuwa kesi, na kesi ina pande mbili. Bendi ilikuwa inaachia wimbo, halafu mtaani ndiko hukumu inatolewa, na kwenye foleni ya maji wanaohukumu walikuwa kina mama. Nimewasikia wakimtetea mke aliyeimbwa kuliko alivyojitetea mwenyewe. Lakini kipaza sauti hawakupewa, hilo halina utetezi.

Kuna mmoja alitoka kidogo nje ya mstari: Remmy Ongala. Alitoka Zaire 1978 kujiunga na Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Yeye aliimba umaskini, kifo, na UKIMWI ulipopamba moto akaimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu, wakati watu wazima wanaona haya hata kulitaja jina. Alijiita Sura Mbaya mwenyewe kabla hujamwita. Alikwenda na tamasha la WOMAD Ulaya mwaka 1988, mwaka uliofuata albamu ikatoka Real World, lebo ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel. Akarudi nyumbani Sinza akaishi na watu. Alifariki Desemba 2010, na makonda mpaka kesho wanaita "Sinza kwa Remmy", wengi wao hawajawahi kumsikia.

#12

Mnaongea kama vile nchi nzima ilikuwa DDC. Wengine tulikuwa watu wa disko! Kumbi za Mbowe na YMCA, viatu vya raba mtoni miguuni, nywele zimepakwa mafuta mpaka kola inalowa. Michael Jackson, Kool & the Gang, Shalamar. Mashindano ya breki densi watu wanavunjika viuno kweli. Baba alikuwa anakwenda Msondo, mimi na kaka tunakwenda Mbowe, tunakutana alfajiri kwenye kituo kimoja cha basi la UDA tunasingizia hatujuani.

Ukweli mchungu: wakati ule tuliona Sikinde ni muziki wa wazee. Tumeanza kuupenda tulipopata wakwe.

#13

Nimesoma uzi wote, naomba niingie kwa upande wa makaratasi. Miaka hiyo nilikuwa karani wa mishahara kwenye shirika moja lililokuwa na bendi. Silitaji, na wahusika wengi wametangulia.

Kwenye kitabu cha mishahara hapakuwa na "mwanamuziki". Mwimbaji wetu mashuhuri, ambaye wasichana walikuwa wanazimia akiingia ukumbini, kwangu alikuwa msaidizi wa ofisi daraja la chini. Mpiga tumba alikuwa dereva asiye na gari. Wanapanga foleni dirishani tarehe ya mshahara kama wafagizi, wanasaini, wanakwenda. Jioni uleule mkono uliosaini unapiga gitaa na watu mia kadhaa wanapiga kelele.

Kwa hiyo mleta uzi uko sahihi, mshahara ulikuwepo. Ila ulikuwa mdogo, na vyombo vilikuwa vinachakaa. Nyuzi za gitaa zilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa za dawa na mafuta. Nimeshuhudia kwa macho yangu waya wa breki ya baiskeli umefungwa kwenye besi, na dansi likapigwa mpaka majogoo. Ngozi ya dramu ikipasuka, inaandikwa barua, barua inakwenda kwa afisa ugavi, afisa ugavi yuko safarini.

Baada ya 1986, masharti ya IMF yalipoanza kuuma, akaja mhasibu mpya akapitia kitabu mstari kwa mstari. Akaniuliza: huyu dereva asiye na gari anaingiza nini? Sikuwa na jibu la kihasibu. Bendi yetu haikuuawa kwa amri, ilinyimwa kidogo kidogo. Kwanza gari la kubebea vyombo, halafu posho, halafu wakaambiwa wajitegemee kwa viingilio. Wakati huohuo watu wanaanza kununua redio kaseti, wanarekodi nyumbani, na vibanda vya Kariakoo vinanakili kanda kutwa nzima. Mtunzi hapati hata senti. Sheria ya hakimiliki tunayoijua leo ilikuja 1999, na wengi walikuwa wameshazikwa.

Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyetuimbia Zuwena akiwa na bendi ya Dar International, alimalizia maisha yake akiuza kanda Kariakoo. Alifariki 1995. Hapo ndipo huwa nashindwa kusema "zamani raha".

#14

Mzee wangu #13, uandike kitabu. Sina la kuongeza.

#15

Mimi niko Lubumbashi, nasoma tu huku nacheka. Huku kwetu watu walilia wanamuziki wanahama wanakwenda Dar na Nairobi, kwenu mnashangilia wameingia. Franco, yule gwiji wa rumba wa Zaire, alipofariki Oktoba 1989, sisi huku tulipiga muziki siku nzima. Ndugu zangu wa Dar waliniambia hata huko mabaa yalipiga wimbo wake Mario mpaka kanda zikakatika, na hakuna aliyekuwa anajua Lingala zaidi ya maneno matano.

#16

Maneno matano ni mengi mkuu. Mimi nilijua "bolingo" na "mama na ngai", nikaoa navyo.

#17

Wakubwa, mimi nina miaka 22, nasikiliza singeli na amapiano. Uzi umenishika. Nianzie wapi? Ila msinipe orodha ya nyimbo hamsini, nipeni chache.

#18 – Mleta uzi

Nne zinakutosha, bwana mdogo, na usizisikilize kama usuli unapochati.

Anza na Zuwena ya Marijani Rajab. Usihangaike na magitaa kwanza, msikilize anavyotamka. Kila silabi inakaa kwenye kiti chake.

Pili Neema ya Cosmas Chidumule na Mlimani Park. Huyu baadaye aliacha dansi akaingia kwenye nyimbo za Injili, na ukisikiliza ile sauti hutashangaa. Hapo angalia namna waitikiaji wanavyompokea, wanamwachia nafasi ya kuvuta pumzi.

Tatu Mary Maria ya Vijana Jazz, Hemed Maneti. Ya kucheza hiyo, usiichambue. Maneti alifariki 1990, na kwa maoni yangu Vijana haikupata tena mtu wa kukamata ukumbi namna ile.

Mwisho Karubandika ya Maquis, kwa heshima ya jirani wa ukutani hapo juu. Isikilize mara ya kwanza yote. Mara ya pili fuata besi tu. Mara ya tatu mtafute sekondi solo, yuko upande mmoja wa spika, anarudia kitu kilekile bila kuchoka, na kila akirudia unaona kimebadilika.

#19

Nimeanza na Zuwena. Kumbe ndiyo ile anayoiweka fundi cherehani wa mtaani kwetu kila siku! Nilidhani ni ya kanisani.

#20

Kanisani tena? Umesikilizia wapi wewe?

#21

Kwenye simu.

#22

Simu haina besi, mdogo wangu. Nenda kwa huyo fundi, mwambie aongeze sauti.